Kurasa za Nyuma za Mkataba

Jumamosi ile lori la usiku kutoka Nairobi lilichelewa. Siku nyingine huwa limeshapita Nakuru na Kericho, likateremka hadi Ahero, na kufikia saa kumi na mbili asubuhi tunakuwa tumeshaanza kupakua. Siku hiyo liliingia saa tatu. Tulipakua mbio mbio, jasho likitutoka, kwa sababu saa nane tulikuwa na mkutano wa chama cha wafanyakazi katika ukumbi wa kanisa karibu na soko la Kibuye. Ajenda ilikuwa moja tu: tuukubali mkataba mpya au tuukatae.

Mimi ni karani wa stoo katika kampuni ya kusafirisha vifurushi hapa Kisumu, mwaka wa tisa sasa. Mwaka 2022 wenzangu walinichagua kuwa mwakilishi wao wa chama. Kwa hiyo wiki hiyo yote, kila aliyepita mezani kwangu aliniuliza, "Kaka, tuseme ndiyo ama la?" Niliwajibu wote: ndiyo. Nakumbuka watu kumi na wawili niliowajibu hivyo kwa kinywa changu. Hiyo ilikuwa Machi 2025. Naandika haya kwa sababu najua kuna wenzetu watakaoketi na karatasi kama ile mbele yao, na mwakilishi wao atakuwa amechoka kama nilivyokuwa nimechoka mimi.

Ofa ya mwajiri ilitufikia kwa njia mbili. Kwanza ulikuja muhtasari wa ukurasa mmoja kwenye WhatsApp kutoka ofisi ya tawi. Baadaye zikaja nakala mbili za mkataba wenyewe, kurasa thelathini na moja, zikaachwa kwangu. Muhtasari ulikuwa na mambo manne: nyongeza ya asilimia 6 ya mshahara wa msingi mwaka wa kwanza, asilimia 5 mwaka wa pili, likizo kupanda kutoka siku 21 hadi 24, na kitita cha shilingi 15,000 kwa kila mfanyakazi endapo mkataba ungetiwa saini kabla ya Machi kwisha.

Kitita ndicho kilichoshika watu. Muhula wa pili ulikuwa unakaribia, na mzazi mwenye mtoto wa sekondari huhesabu karo hata akiwa usingizini. Mtu akisikia elfu kumi na tano mara moja, mkononi, haulizi tena ukurasa wa ishirini na saba umeandikwa nini. Siwalaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaipangia kazi.

Ile nyongeza niliipigia hesabu usiku mmoja, nyuma ya lebo ya katoni. Mshahara wangu wa msingi ulikuwa shilingi 20,000, na marupurupu ya nyumba 4,000 ambayo hayakuguswa. Asilimia 6 ni 1,200. Humo unatoa asilimia 6 ya NSSF, akiba ya uzeeni, yaani 72; asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHIF, 33. Na asilimia 1.5 ya tozo ya nyumba, 18. Zinabaki 1,077. Hata hivyo niliona afadhali hiyo kuliko kukaa mwaka mwingine bila kitu. Hesabu yangu haikuwa na kosa. Lakini nilikuwa nimepiga hesabu ya muhtasari, na mkataba wenyewe nilikuwa nimeusoma hadi ukurasa wa tisa nikalala.

Kabla sijaendelea, kuna jambo la nyuma.

Mwaka 2021 nilipokea kifurushi kidogo kutoka Nairobi, kimeandikwa simu, thamani 14,500, cha mteja wa Bondo. Nilikiskani, nikakiweka rafu ya Bondo, nikaendelea na kazi. Mteja alipokifungua mbele yetu kwenye kaunta, ndani mlikuwa na kipande cha mche wa sabuni ya kufulia, ile ya buluu, kimefungwa kwa gazeti. Gazeti lenyewe lilikuwa na unyevu upande mmoja. Tepu ilikuwa imekatwa kwa wembe na kubandikwa tepu nyingine juu yake, sawasawa kabisa, ukipitisha kidole ndipo unahisi kijikingo. Kile kipande cha sabuni kilikuwa kizito kuliko simu. Mzani ungetuambia. Lakini hakuna aliyekipima Nairobi, wala Nakuru lilikosimama lori, wala mimi. Kwenye mfumo, mtu wa mwisho kukiskani alikuwa mimi. Nilikatwa 2,900 kila mwezi kwa miezi mitano. Mke wangu aliniuliza mara moja tu kama nilichukua ile simu. Nilimwambia la, na hakuuliza tena. Lakini lile swali moja liliniuma kuliko pesa.

Wakati huo sikujua sheria. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kumkata mfanyakazi kiasi cha kadiri kwa mali iliyopotea au kuharibika pale hasara ilipotokana na kosa lake la makusudi. Kuwa jina la mwisho kwenye mashine ya kuskani si kosa la makusudi. Nililijua hilo baadaye, kwenye semina ya chama, pesa zikiwa zimeshakwenda.

Mtu aliyepitia hayo, akaletewa mkataba wa kurasa thelathini na moja, alipaswa kutafuta jambo moja kabla ya mengine yote. Sikulitafuta.

Turudi Kibuye. Ukumbini tulikuwa wanachama sabini, wa Kisumu na vituo vidogo vya Siaya, Bondo na Kakamega. Katibu wa tawi alieleza ofa kwa dakika kumi, akasema kamati inapendekeza tukubali, akauliza kama kuna maoni. Wa kwanza kusimama alikuwa dereva wetu mkongwe, ambaye stoo nzima tunamwita Jaduong', mzee wa heshima. Alikuwa amebakiza miezi miwili astaafu. Baba yake alikuwa kuli bandarini Mombasa katika mgomo wa 1955, ule ambao Tom Mboya, kiongozi wa wafanyakazi, kijana wa Rusinga wa miaka ishirini na minne hivi, alikwenda kusuluhisha. Jaduong' huisimulia habari hiyo kama watu wengine wanavyosimulia ubatizo.

"Ndugu zangu," alisema, "mimi siogopi kukataa. Lakini nimeona kukataa kwingi. Unakataa leo, mwaka unapita, mnarudi kuletewa ileile. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Hii iliyo hapa karibu, tuishike."

Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Ndipo msichana mmoja akanyoosha mkono kutoka mlangoni. Ni mwendesha pikipiki wetu wa Nyalenda na Manyatta, anayepeleka vifurushi hadi majumbani. Alikuwa kwenye mkataba wa miezi mitatu mitatu, uliokuwa umefanywa upya mara saba. Hakuwa mwanachama. Katibu alimwambia kwa upole kwamba mkutano ni wa wanachama, asubiri nje. Akanitazama mimi, kwa kuwa mwakilishi wa stoo ni mimi. Na mimi nikatazama chini. Nalisema hili waziwazi kwa sababu ndilo ninalolijutia kuliko yote ya siku ile. Yule msichana alikuwa hapo kwa sababu siku mbili nyuma aliniomba nimpe nakala apige picha, nikampa bila hata kumuuliza anataka kuona nini.

Jaduong' ndiye aliyesema. "Mtoto aingie. Anabeba mizigo ileile tunayobeba."

Aliingia, akasimama karibu na dirisha apate mwanga, akafungua simu. Mkono ulikuwa ukimtetemeka kidogo. Akasoma Jedwali la Tatu, ukurasa wa ishirini na saba: wafanyakazi watakaoajiriwa baada ya tarehe ya kutiwa saini, pamoja na wale ambao mikataba yao ya muda itafanywa upya, watalipwa mshahara mmoja uliojumlisha nyumba, shilingi 19,500, na nyongeza za asilimia 6 na 5 hazitawahusu.

"Nyathina, mwanangu, soma tena, polepole," Jaduong' alimwambia. Akasoma tena.

Kisha akafungua ukurasa wa ishirini na tisa, Jedwali la Nne. Kifurushi kikipotea au kikipungua, thamani yake italipwa na mfanyakazi aliyekiskani mwisho.

Nilihisi joto likinipanda shingoni. Ile sabuni ya buluu ilirudi mbele ya macho yangu, na lile gazeti lenye unyevu.

Msichana alikuwa na swali moja, na alilielekeza kwa Jaduong', si kwa katibu: "Baba, mkitia saini hii, mimi inanifunga ama hainifungi?"

Jibu ni kwamba inamfunga. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inasema mkataba wa makubaliano ya pamoja, huu ambao sisi huuita CBA tu, huwafunga wafanyakazi wote wa ngazi inayoweza kujiunga na chama walioajiriwa na mwajiri yule, na masharti yake huingia katika mkataba wa kila mmoja wao. Hauulizi nani ana kadi. Kwa hiyo watu sabini tulikuwa ndani tukiamua mshahara wa waendesha pikipiki ishirini na wengine waliokuwa nje, na kitita cha elfu kumi na tano ndicho tulichokuwa tukipewa ili tuwaamulie hivyo. Hakuna aliyeyasema maneno hayo kwa sauti ukumbini. Mimi ndiye ninayeyasema sasa, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Mjadala uliofuata ulichukua saa mbili na nusu. Wapakiaji walisema wageni watakaokuja waje wapiganie yao, kama sisi tulivyopigania yetu. Mama mmoja wa kaunta ya Kakamega aliwajibu kwamba ukiwa na watu wawili wanaofanya kazi moja, mmoja wa bei nafuu, mwajiri hatakuwa na haja ya yule wa bei ghali kwa muda mrefu. Hoja hiyo ilinyamazisha upande wa nyuma wote. Mwingine akasema tukikataa kampuni itafunga vituo vidogo, na watu wa Bondo wakaanza kunong'onezana. Hofu ile ilikuwa ya kweli, na hakuna aliyekuwa na jibu lake. Kuna kijana aliyesimama akasema tu kwamba mtoto wake amefukuzwa shule, na akaketi. Hilo nalo lilikuwa na uzito wake, na hatukupaswa kulipita haraka kama tulivyolipita.

Kisha dereva mmoja wa njia ya Busia akatuchezea sauti aliyotumiwa na binamu yake anayefanya kazi UPS, kampuni kubwa ya vifurushi, Louisville, Marekani. Binamu alieleza ya kwao. Mkataba wao wa 2018 ulileta aina mpya ya madereva wanaolipwa chini ya wenzao kwa kazi ileile ya kupeleka vifurushi. Wanachama waliupigia kura, na asilimia 54 ya waliopiga wakaukataa. Lakini waliojitokeza hawakufika nusu ya wanachama wote, na katiba ya chama chao cha Teamsters wakati huo ilitaka theluthi mbili ya kura za kukataa ikiwa watu ni wachache hivyo. Viongozi wakaupitisha. Kanuni hiyo waliifuta 2021, na aina ile ya madereva ikaondolewa katika mkataba wa 2023, ulioungwa mkono na asilimia 86. "Miaka mitano," binamu alisema kwa Kiswahili chake cha kuchanganya. "Miaka mitano watu wanaendesha gari moja, mshahara tofauti, hawaaminiani hata kushikiana ngazi."

Maneno ya ngazi ndiyo yaliyonigusa. Stoo yetu ina ngazi moja ya rafu za juu, na mguu wake mmoja umelegea. Huwezi kuipanda bila mtu wa kukushikia.

Nilisimama. Niliwaambia wale kumi na wawili kwamba nilikuwa nimewapa jibu kabla ya kusoma, kwamba muhtasari haukuwa na Jedwali la Tatu wala la Nne, na kwamba jibu langu limebadilika. Niliwaeleza pia habari ya sabuni, ambayo wengi hawakuijua. Sauti haikunitoka vizuri. Mmoja wao, mpakiaji ninayemheshimu sana, aliniuliza kwa hasira: "Na sasa elfu kumi na tano yangu utanilipa wewe?" Sikuwa na la kumjibu.

Katibu alitaka kura ya mikono. Niliomba iwe ya siri, kwa sababu meneja wa zamu alikuwa na shemeji yake mle ndani, na kila mtu alijua. Tulibishana kidogo, tukakubaliana. Tulichana karatasi za lebo, tukatumia katoni tupu ya jokofu dogo kama sanduku, tukaiziba kwa tepu na kukata mwanya juu. Hesabu ilifanywa na watu wawili, mmoja wa kila upande, wakisoma kila karatasi kwa sauti. Waliokubali 27. Waliokataa 43.

Hakuna aliyeshangilia. Mvua ilikuwa imeanza, watu wakakimbilia matatu.

Yaliyofuata yalikuwa marefu na ya kuchosha, sitayasimulia yote. Kampuni iliondoa kitita tarehe ileile Machi ilipokwisha. Chama kilipeleka mzozo Wizara ya Kazi, msuluhishi akateuliwa, tukakaa vikao vitatu. Kuna wiki mbili ambazo nusu ya stoo haikunisalimu. Mwezi Juni tulitia saini mkataba mwingine, ukapelekwa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi kusajiliwa, kwa maana kabla ya kusajiliwa hauna nguvu. Nyongeza ikawa asilimia 6 na 4, kuanzia Januari. Jedwali la Tatu lilifutwa, na mwendesha pikipiki aliyemaliza mwaka mmoja anaingia ngazi ya kawaida. Jedwali la Nne likaandikwa upya: hakuna makato bila uchunguzi na bila kosa la makusudi kuthibitishwa, na kila kifurushi cha thamani ya zaidi ya shilingi 5,000 kipimwe na kusainiwa na watu wawili kila kinapobadilisha mikono. Kitita hakikurudi. Asilimia moja ya mwaka wa pili tuliipoteza. Yule kijana ambaye mtoto wake alifukuzwa shule alikopa kwa mtu wa riba, na bado analipa.

Tangu hapo nimebadili namna ninavyofanya kazi hii ya uwakilishi. Mkataba nauanzia kwenye majedwali, kisha naurudia kutoka mbele. Muhtasari siutumii mtu ye yote kabla sijaulinganisha na nakala yenyewe, aya kwa aya, nikiwa na mtu mwingine kando yangu. Na kila mwendesha pikipiki anayeanza kazi, wiki ya kwanza, nampelekea fomu ya chama. Wengi wanaogopa kwamba mkataba wao wa miezi mitatu hautafanywa upya. Siwaambii wasiogope, maana si mimi nitakayekosa kazi. Nawaambia Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama, nawaachia fomu, narudi baada ya wiki. Kati ya wale waliokuwa nje siku ile, kumi na wanne wamejaza. Msichana wa Nyalenda alikuwa wa kwanza. Alijaza yake juu ya tangi la pikipiki, kalamu ikigoma kwa joto.

Jaduong' alistaafu mwisho wa Mei. Alipata malimbikizo ya miezi yake mitano, lakini si ile elfu kumi na tano. Hakuwahi kuniambia alipiga kura gani, na mimi sijamuuliza.

Mwezi Agosti alikuja kaunta na katoni ya binti yake anayeishi Mbita. Msichana wa Nyalenda sasa yuko stoo nami, na siku hiyo yeye ndiye aliyempokea. Alimsalimia kwa kuinama kidogo, akauliza thamani, Jaduong' akasema elfu sita. Akaiweka katoni kwenye mzani. Kisha akapitisha kidole juu ya tepu, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, taratibu, kama nilivyomfundisha.

"Kilo nne na gramu mia tatu, Baba," alisema. "Weka saini hapa. Na kaka ataweka hapa."

Jaduong' alivaa miwani, akasoma karatasi yote mbele na nyuma, ndipo akasaini.